Dirisha la Bweni na Gredi za KCSE

Matokeo ya mwaka 2020 ya KCSE, mtihani wa Kenya wa kumaliza sekondari, yalipotangazwa tarehe 10 Mei 2021, waliokuwa wakisubiri maafa hawakuyaona. Watahiniwa 893 walipata gredi ya A, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa 627. Waliofikisha C+, gredi inayomfungulia mtahiniwa mlango wa chuo kikuu, walipanda kutoka 125,746 hadi 143,140. Na hawa ndio vijana waliofungiwa shule katikati ya Machi 2020, wakakaa nyumbani karibu miezi saba, kisha wakafanya mtihani Machi na Aprili ya mwaka uliofuata huku Kenya ikipambana na wimbi la tatu la korona.

Bidii yao siipunguzi hata chembe. Ila ukiulizwa shule za upili zilifanya nini kipindi kile kilichowafaa wanafunzi kwa afya na kwa masomo pia, usianzie langoni.

Langoni ndiko kamera zilikokwenda. Bawabu na kipimajoto chake chenye umbo la bastola, tangi la maji lenye mfereji, sabuni ya maji kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko. Kipimajoto kilimtuliza mzazi kuliko kilivyomzuia mgonjwa, kwa sababu vijana wengi walioambukizwa hawakupata homa kabisa, na mtu aliweza kuambukiza wenzake kabla dalili hazijajitokeza. Maji na sabuni vina kazi kubwa dhidi ya kuhara na kipindupindu, wala visiondolewe. Lakini kwa korona, mikono haikuwa njia kuu. Aprili 2021 taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilieleza kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa jumla ni chini ya mara 1 katika migusano 10,000.

Njia kuu ilikuwa pumzi. Anayeongea, anayeimba au anayepumua tu hutoa chembechembe ndogo mno zinazoelea chumbani kama moshi wa sigara. Hewa isipobadilika, zinarundikana. Mita moja na nusu kati ya madawati inasaidia dhidi ya matone mazito yanayoanguka upesi, lakini chembechembe hizi hazijali umekaa safu ya ngapi.

Sasa ingia bwenini saa nne usiku. Tuchukue bweni la mfano, mita 12 kwa 8, dari ikiwa mita 3 kutoka sakafuni: hewa yake ni mita 288 za ujazo. Walaze humo wanafunzi 60 kwenye vitanda vya ghorofa. Mtu aliyelala huvuta hewa lita 6 hivi kila dakika. Kwa saa nane, vijana hao watakuwa wamevuta na kutoa lita 172,800, yaani kiasi kinacholingana na sehemu tatu kati ya tano za hewa yote ya bweni. Madirisha yakiwa yamefungwa kwa hofu ya mbu, baridi au wezi, na kioo kilichovunjika kimezibwa kwa gunia, kila mmoja anaamka akiwa amevuta pumzi za wenzake usiku kucha. Barakoa hapo haina nafasi, maana hakuna anayelala nayo.

Dawa yake ilijulikana kabla ya korona. Mwaka 2007 watafiti waliopima hospitali za Lima, Peru, kwa ajili ya kifua kikuu, walikuta kwamba kufungua madirisha na milango kulibadilisha hewa ya chumba takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuvuta hewa vilikadiriwa mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari zilizo juu na madirisha mapana, ndiyo yaliyoongoza. Shule nyingi kongwe za Kenya zina majengo ya namna hiyo, na wapo wanaoyaonea haya.

Kenya yenyewe ilikuwa na mwongozo wa usalama wa shule tangu 2008. Unataka vitanda viachane kwa mita 1.2, ujia usiwe chini ya mita 2, na madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, yafunguke kirahisi kwa nje. Kilichowasukuma walioandika ni moto. Katika bweni la shule ya Bombolulu mwaka 1998 wasichana 26 waliteketea, na katika la shule ya Kyanguli mwaka 2001 wavulana 67, milango ikiwa imetiwa kufuli na madirisha yana vyuma. Shule iliyotii mwongozo ule kwa sababu ya moto ilikuwa tayari kwa korona bila kuongeza hata shilingi. Ninazojua zilizotii kikamilifu ni chache.

Ndipo tunarudi kwa watahiniwa. Serikali ilipofungua shule tarehe 12 Oktoba 2020, katika sekondari walirudi Kidato cha Nne peke yao. Waliobaki waliitwa Januari 2021. Kwa muhula mzima, darasa lililozoea kubanana liligawanywa katika vyumba viwili au vitatu vilivyokuwa tupu, kitanda cha juu kikaachwa wazi, na mwalimu akaweza kusahihisha daftari la kila mmoja. Hewa iliongezeka, na mwalimu naye akapatikana. Hatari haikwisha: mwezi uleule wa Oktoba shule mbili za Mombasa, Star of the Sea na Tononoka, zilifungwa baada ya walimu kukutwa na virusi, na mtu mzima ndiye aliyekuwa hatarini zaidi kuliko mwanafunzi. Hata hivyo, sioni hatua nyingine ya kipindi kile iliyokinga mapafu na kuinua masomo kwa pamoja kama kupunguza idadi ya watu chumbani. Januari wote waliporudi, nafasi ile ilitoweka wiki ya kwanza.

Mzazi, siku ya kutembelea mwanao usiishie kwenye kivuli cha mti na sahani ya pilau. Omba kuonyeshwa bweni. Hesabu vitanda, pima kwa hatua nafasi kati yake, kisha jaribu kufungua dirisha kwa mkono wako. Likikataa, liulizie kwenye mkutano wa wazazi, na usikubali kujibiwa kwa habari za tangi jipya la kunawia mikono.