Beni na Butembo: Ganda la risasi si chuma cha kuuza, ni shahidi

Mapigano yakiisha kando ya barabara ya taifa namba 4, kati ya Beni, Oicha na Eringeti, milio ya bunduki hunyamaza, lakini maganda ya risasi hubaki chini. Hubaki kwenye mashamba ya kakao, kwenye vichochoro na hata nyuani mwa nyumba za watu. Mara nyingi watoto ndio wanaoyaona kwanza. Mmoja huokota ganda akalifanya filimbi, mwingine huyajaza mfukoni akitumaini kuyauza pamoja na vyuma vikuukuu.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kufuatana katika mji na wilaya ya Beni, wakaaji wengi wamezoea kuona maganda hayo kuwa takataka za vita. Lakini kipande hicho kidogo kina habari ndani yake, na habari hiyo hupotea mara tu mtu anapokiokota.

Risasi moja nzima ina sehemu nne: kichwa kinachoruka, baruti inayokisukuma, fataki inayowasha baruti, na ganda linaloshika vyote hivyo pamoja. Risasi ikifyatuliwa, kichwa huenda zake na ganda hutupwa nje ya bunduki.

Katika nchi kama Marekani, watu wanaolenga shabaha kwa mchezo hawatupi ganda. Huliosha, huweka fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, kisha hulitumia tena. Ganda lao ni la shaba ya njano, yaani takriban asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki. Madini hayo ni laini. Moto na msukumo wa baruti hulitanua ganda, nalo linapobanwa kwa mashine ili lirudie umbo lake, shaba husogea kuelekea mdomoni. Hivyo ganda hurefuka kidogo kidogo. Likizidi kipimo, mdomo wake hukibana kichwa cha risasi na msukumo ndani ya bunduki hupanda kupita kiasi. Kwa sababu hiyo, mdomo hulazimika kukatwa.

Kukata maganda mamia kwa mamia ni kazi ya kuchosha, na mafundi wa mchezo huo wana njia ya kuipunguza. Kila bunduki huwekewa maganda yake peke yake. Ganda hupakwa mafuta kabla ya kubanwa, na halibanwi zaidi ya kiasi kinachohitajiwa na bunduki ile ile lililotoka. Likibanwa kidogo, hurefuka kidogo. Siri yote ni kujua ganda limetoka katika bunduki gani.

Hapo ndipo ufundi huo unapogoma ukifika Beni. Ganda lililookotwa porini limetoka katika bunduki isiyojulikana, nalo limechanganyika na ya bunduki nyingine nyingi. Zaidi ya hayo, risasi nyingi za Kalashnikov zina ganda la chuma lililopakwa vanishi, si la shaba. Chuma ni kigumu, hupata kutu, na nyingi kati ya risasi hizo zimetengenezwa zitumike mara moja tu. Anayedhani atapata mali ya shaba mara nyingi huwa amebeba chuma cha bei duni.

Butembo na Beni hazina kiwanda cha risasi za vita. Maana yake ni kwamba risasi zinazoua watu huko zimetengenezwa mbali, zikasafiri, zikapita mikononi mwa watu. Kitako cha ganda husaidia kufuata safari hiyo. Kwenye risasi nyingi za China, kwa mfano, kitako huwa na namba ya kiwanda na tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kutengenezwa. Zile zilizotengenezwa kwa vipimo vya NATO mara nyingi huwa na alama ya msalaba ndani ya duara. Pini ya bunduki nayo huacha kovu kwenye fataki, na mtaalamu akilinganisha makovu anaweza kutambua kama maganda mawili yametoka katika bunduki moja.

Umoja wa Mataifa uliwawekea vikwazo vya silaha makundi yenye kubeba silaha ya Kivu na Ituri mwezi Julai 2003, na mwaka 2004 ukaunda kundi la wataalamu wa kufuatilia vikwazo hivyo. Wataalamu hao wameandika mara nyingi kwamba sehemu ya risasi za makundi hayo hutoka katika akiba za jeshi la serikali, ama kwa kutekwa vitani, ama kwa kuuzwa kwa siri.

Hata hivyo sheria za dunia zina pengo. Mpango wa kimataifa wa kufuatilia silaha ndogo, uliopitishwa Desemba 2005, unahusu bunduki na kuziacha risasi nje. Nchi za Afrika ya Kati zilijaribu kuziba pengo hilo kwa Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017. Mkataba huo unagusa silaha ndogo pamoja na risasi zake. Lakini mkataba hauokoti ushahidi shambani.

Kuokota kwenyewe kuna hatari. Kati ya maganda matupu huweza kuwemo risasi nzima, na majanini huweza kulala guruneti ambalo halikulipuka. Risasi nzima ikitupwa motoni au ikigongwa kwa nyundo hupasuka, na vipande vyake vinaweza kutoboa jicho. Isitoshe, sheria ya Kongo namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu raia kuwa na silaha wala risasi bila kibali.

Basi mkaaji anayeyakuta maganda afanye hivi: asiyaguse, awaondoe watoto, aweke alama inayoonekana kutoka mbali, kisha amjulishe chifu wa mtaa au polisi. Mzazi atazame pia mifuko ya mtoto anayerudi kutoka shambani. Familia iliyompoteza mtu inatamani kujua ni nani aliyefyatua na ni nani aliyemletea risasi. Ganda likiachwa mahali lilipoanguka, bado linaweza kusaidia kutoa jibu. Likishayeyushwa kwenye tanuru la fundi, halitasema tena.