Adabu za Muswada wa Kisayansi

Katika kazi zote zinazomkabili mtafiti baada ya kumaliza utafiti wake, hapana inayodharauliwa kuliko hii ya kuuandaa muswada kwa ajili ya jarida la kisayansi. Kwani mtu aliyekesha maabara miezi mingi, au aliyezunguka vijijini na dodoso lake juani na mvuani, hudhani kwamba shughuli imekwisha, na kwamba kilichosalia ni kuandika tu na kupeleka. Kwa dhana hiyo miswada mingi hurejeshwa kwa wenyewe kabla haijamfikia mhakiki hata mmoja, si kwa udhaifu wa elimu iliyomo, illa kwa sababu imezidi urefu uliowekwa, au marejeo yake yameandikwa kwa mtindo wa jarida jingine, au mada yenyewe haimo katika mambo ambayo jarida lile hushughulika nayo. Elimu iliyogharimiwa kwa fedha za umma ikilala kabatini kwa ajili ya kasoro ambazo zingaliweza kusahihishwa katika siku chache, hiyo ni hasara ambayo siwezi kuitazama nikanyamaza.

Majarida haya yana umri mkubwa. Mwaka 1665 yalitokea mawili, la kwanza Journal des sçavans mjini Paris, na baada yake Philosophical Transactions mjini London, lililoanzishwa na Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society. Zama hizo habari za sayansi ziliandikwa aghalabu kama barua, kila mtu akisimulia kwa mpango aupendao; na ilichukua muda mrefu, hata kufikia karne ya 20, kabla ya kuenea taratibu tunayoijua leo, ya utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala. Fadhila ya taratibu hiyo ni kumhurumia msomaji, kwa kuwa daktari au mhandisi mwenye haraka hujua mahali pa kulikuta analolitafuta, wala hana haja ya kuipekua makala nzima.

Katika sehemu hizo nne, ile ya mbinu ndiyo ninayoistahi kuliko zote, nayo ndiyo ambayo wanafunzi wetu huiandika kwa ufupi wa kusikitisha. Sharti lake ni kwamba mtu aliye mbali, asiyekujua wala usiyemjua, akiisoma aweze kuirudia kazi yako vile vile ulivyoifanya. Tuchukue mfano wa Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba maziwa aliyoyatia yangali moto ndani ya friji, kwa ajili ya kutengeneza aisikrimu, yaliganda kabla ya yale ya mwenziwe yaliyotiwa bila ya kuchemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amekosea. Na baadaye, alipokuwa shuleni Mkwawa, Iringa, akamwuliza jambo hilo hilo Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenziwe walimcheka. Lakini Osborne aliporejea Dar es Salaam alitaka jambo lile lipimwe, na mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ikachapwa katika jarida la Physics Education: Mpemba akisimulia kisa chake kwa kauli yake mwenyewe, na Osborne akieleza majaribio.

Sasa, ni nini kilichoyatoa maneno ya kijana yule katika kuchekwa na kuyatia katika elimu ya dunia? Ni kuandikwa kwa tafsili: kwamba maji yalikuwa sentimita za ujazo 70, katika bika ya kioo yenye ujazo wa 100, juu ya kipande cha povu la plastiki, ndani ya sehemu ya barafu ya friji ya kawaida ya nyumbani. Mambo haya huonekana madogo, walakini ndiyo yanayompa mwingine uwezo wa kukubali au kukanusha. Na kweli walitokea wa kukanusha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, waliitilia shaka habari hiyo katika jarida la Scientific Reports, wakibainisha kwamba kukiweka kipimajoto juu au chini kwa kadiri ya sentimita moja tu kwatosha kuzua tofauti inayoweza kumhadaa mpimaji. Mjadala huo haujafungwa hata leo. Mimi siuoni kuwa ni aibu kwa Mpemba. Hiyo ni heshima yake, kwamba neno lake liliandikwa kwa namna inayoruhusu kujadiliwa kwa zaidi ya nusu karne.

Matokeo na yaandikwe bila ya kuchanganywa na maoni, kwa sababu maoni yana mahali pake katika mjadala. Wala takwimu zilizokwisha kuwekwa katika jedwali zisirudiwe zote katika maelezo, maana takriri hiyo humchosha mhakiki na kumtia shaka. Ikisiri, ambayo katika majarida mengi haipasi kuzidi maneno 250 au 300, isomwe mwanzo lakini iandikwe mwisho. Nayo ichungwe sana, kwa kuwa wengi hawatasoma zaidi ya hiyo, na tarakimu iliyomo ikihitilafiana na ile iliyo ndani ya makala, imani ya msomaji huvunjika papo hapo.

Ama umbo la karatasi, mlango wake ni mmoja: mwongozo wa waandishi, ambao kila jarida hutangaza, usomwe kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa. Humo mtu atakuta habari za fonti, pambizo, nafasi mbili baina ya mistari, na nambari za mistari ambazo humwezesha mhakiki kuandika kwamba mstari wa 112 una kosa, pasipo kueleza kurasa nzima. Picha nazo zitakiwazo kwa ubora maalumu zisipelekwe kama zilivyonakiliwa kutoka kwenye simu. Mintarafu ya marejeo, mwezi wa Januari mwaka 1978 wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana mjini Vancouver, Kanada, ili kupatanisha masharti yao, kwani mwandishi aliyekataliwa na jarida moja alilazimika kuupiga chapa upya muswada mzima kwa ajili ya jingine. Na kutokana na mkutano huo ukatoka mtindo wa kuyataja marejeo kwa nambari, unaotumika hata sasa. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazopanga marejeo kwa mtindo wowote, lakini haziwezi kujua kwamba jina la mwandishi limeandikwa visivyo. Hilo hubaki jukumu la jicho la mwanadamu.

Kundi hilo la wahariri, lililokuja kuwa kamati ya kimataifa, liliweka pia masharti ya nani aitwe mwandishi: awe ameshiriki kwa dhati katika kuubuni utafiti, au kuzikusanya na kuzifasiri data, awe ameandika au kuihakiki makala, awe ameiridhia nakala ya mwisho, na awe tayari kujibu kwa yaliyomo. Mkuu wa idara asiyetimiza hayo hastahiki kutiwa jina kwa cheo chake, na anayelidai anamdhulumu kijana aliyefanya kazi. Kadhalika utafiti uliohusu binadamu sharti utaje kamati ya maadili iliyotoa idhini. Na kwa Tanzania, katika mambo ya afya, idhini ya kitaifa hutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Hadhari nyingine ni ya majarida ya ulaghai, yanayoahidi kuchapa kwa siku chache mradi yamelipwa, yasiyo na uhakiki wowote wa kweli.

Wala mtu asidhani kwamba adabu hizi ni za lugha ya Kiingereza peke yake. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa majarida ya Kiswahili na Mulika, nayo yana mwongozo na wahakiki wake. Na mwandishi wa Kiswahili anadaiwa ikisiri safi na marejeo sahihi sawa na mwenziwe wa lugha nyingine yoyote.

Ninawasihi walimu wa vyuo vyetu wawatengee vijana wao saa za kuketi pamoja juu ya muswada, mstari kwa mstari, na mwongozo wa jarida ukiwa wazi mezani, kabla ya kuuruhusu kupelekwa kwa mhariri. Na wewe kijana uliye na tasnifu iliyopita mtihani na kuwekwa rafuni, itoe, chagua sura moja, kisha uianze leo sehemu ya mbinu.