Taa Itakayofika Alfajiri: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Taa za Sola

Huko Kipili, wilayani Nkasi katika mkoa wa Rukwa, wavuvi wa dagaa huingia Ziwa Tanganyika jioni, hasa siku za giza, wakati mwezi haushindani na mwanga wa taa zao. Taa ndiyo huwakusanya dagaa. Ikififia, samaki hutawanyika na kazi ya usiku mzima hupotea. Mwenye karabai aliweza kutikisa tangi akajua mafuta yaliyobaki. Taa ya betri haina siri iliyo wazi namna hiyo, na mnunuzi hulazimika kuamini maandishi ya kwenye boksi. Katika makala haya tunaeleza jinsi maandishi hayo yanavyothibitishwa, na namna ya kujilinda pale yasipothibitishwa.

Upimaji wa kiwandani

Kiwanda kinachojali ubora hakisubiri taa ikamilike ndipo kiikague. Kwanza hukagua vipuri vinavyoingia: betri, balbu za LED, swichi na paneli. Kisha hupima saketi kabla haijafungwa ndani ya taa, kwa kuwa kasoro inayoonekana mapema hurekebishwa kwa gharama ndogo. Mwishowe taa zilizokamilika huwashwa kwa muda, ili zile dhaifu ziharibike mikononi mwa mtengenezaji na si mikononi mwa mnunuzi.

Vipimo vingine huharibu kile kinachopimwa, hivyo haiwezekani kupima kila taa. Huchukuliwa sampuli chache, na matokeo yake hutumika kuamua hali ya shehena nzima. Kwa sababu hiyo ni muhimu kujua nani aliyechagua sampuli. Taa iliyochaguliwa na mtengenezaji mwenyewe haitoi ushahidi sawa na ile iliyochukuliwa na mkaguzi ghalani au sokoni bila kuchaguachagua.

Maabara huru

Kwa taa ndogo za sola upo utaratibu wa kimataifa wa upimaji. Ulianzishwa chini ya mpango wa Lighting Global wa Kundi la Benki ya Dunia, na tangu 2020 unaendelezwa na VeraSol. Katika upimaji wake kamili, taa huwashwa kwa jumla ya saa 2,000, na kwa wastani sampuli hazina budi kubaki na walau asilimia 85 ya mwanga wa awali. Kwa anayewasha taa saa nne kila usiku, muda huo ni sawa na siku 500. Taa za mkononi huangushwa kutoka urefu wa mita moja, na swichi huwashwa na kuzimwa mara nyingi. Zaidi ya hayo, maelezo ya kwenye boksi hulinganishwa na matokeo ya maabara, na taa hizo hutakiwa kuwa na dhamana ya walau mwaka mmoja.

Hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye jukumu la viwango. Tangu 2012 lina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijasafirishwa, na bidhaa inayokidhi viwango hupewa cheti. Kwa hiyo taa iliyotoka nje inaweza kuwa imekaguliwa hata kama haina alama ya TBS. Mwulize muuzaji wa jumla kama mzigo ulikuwa na cheti. Hilo ni swali la haki.

Hesabu inayofichua uongo

Betri ya lithiamu ya duara, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, hutumika katika tochi na taa nyingi. Betri bora za umbo hilo huhifadhi takriban mAh 3,500. Hata hivyo, sokoni zipo zilizoandikwa 9,900. Nambari hiyo haiwezi kuwa ya kweli.

Tuchukue taa ya wati 3 yenye betri moja ya volti 3.7. Zidisha mAh kwa volti, gawanya kwa 1,000, kisha gawanya kwa wati. Kwa nambari ya 9,900 utapata zaidi ya saa 12, yaani usiku kucha. Lakini ikiwa betri hiyo kwa hakika ina mAh 2,000, utapata takriban saa mbili na nusu. Mvuvi aliyewasha taa hiyo saa mbili usiku atabaki gizani saa nne na nusu, akiwa mbali na pwani.

Ipime nchi kavu kwanza

Kabla ya kununua, iwashe taa dukani, itikise uone kama kuna kitu kinachocheza ndani, na ubonyeze swichi mara kadhaa. Dai risiti yenye tarehe na jina la duka, pamoja na kadi ya dhamana kama ipo.

Ukifika nyumbani, ichaji mpaka ijae, kisha iwashe kwa mwanga mkali na uandike saa ilipowashwa na saa ilipofifia. Rudia usiku wa pili. Usiipeleke ziwani kabla ya jaribio hilo, na hata ikifaulu, beba taa ya akiba.

Ikishindwa, irudishe mapema kwa muuzaji pamoja na risiti. Asipokusikiliza, mwone Afisa Biashara wa Halmashauri ya Wilaya. Kwa wakazi wa Nkasi ofisi za halmashauri ziko Namanyere. Ukishuku ubora hafifu, toa taarifa TBS; ukishuku bidhaa bandia, toa taarifa Tume ya Ushindani (FCC). Tunafahamu kwamba safari ya kutoka ziwani ina gharama, na wengi huona heri kuitupa taa na kununua nyingine. Lakini taa inayotupwa kimya humwacha muuzaji aendelee kuuza shehena ileile kwa jirani. Taarifa yako ni sampuli nyingine mikononi mwa wakaguzi, na hiyo haikuchaguliwa na mtengenezaji.