Kansa ya mlango wa kizazi haipiti kwenye sahani

Siku ya posho moja, katika mkutano wetu wa likelemba, mama mmoja alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Tulipomimina chai akakitoa kwenye mfuko. Tulimwuliza sababu, akanyamaza kwanza, kisha akatueleza kwamba ana kansa ya mlango wa kizazi, na kwa wakwe zake amewekewa sahani yake na kijiko chake peke yake. Tena wanasema ni ugonjwa wa wanawake wanaotembea ovyo. Tuliona haya, maana na sisi wengine tulikuwa tunaamini hivyo hivyo.

Wamama wapenzi, tulikwenda kuuliza waganga, na tukasoma. Kansa yenyewe haiambukizi, si kwa sahani, si kwa kitanda, si kwa choo. Kinachoambukiza ni virusi viitwavyo HPV. Vinapita katika tendo la ndoa, ngozi ya siri ikigusana na ngozi, ndiyo sababu kapote inapunguza hatari lakini haiimalizi. Watu wengi sana, wanaume kwa wanawake, wanavipata wakati fulani, hata yule ambaye hajajua mwingine ila bwana wake. Kwa wengi mwili unavifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache vinabaki na kuharibu mlango wa kizazi polepole, miaka 15 hadi 20 kabla kansa haijatokea. Kwa mama mwenye virusi vya SIDA asiyepata dawa, miaka 5 hadi 10. Sasa nani atajua vilitoka wapi, na mwaka gani? Hao wakwe wanahukumu jambo ambalo hata muganga hawezi kulipima.

Miaka hiyo mirefu ndiyo nafasi yetu. Mama wa miaka 30 na zaidi aende kupimwa hata kama hasikii maumivu yoyote. Mwenye virusi vya SIDA aanze kwenye miaka 25. Kipimo kimoja ni cha vinegri. Unalala, muganga anafungua njia kwa kifaa, anapaka vinegri kidogo iliyopunguzwa nguvu, anangoja dakika moja hivi. Sehemu iliyoharibika inaweza kugeuka nyeupe. Kupimwa kunasumbua kidogo, lakini hakukati wala hakuchomi. Weupe huo bado si kansa, na mara nyingi unaondolewa kwa baridi kali au kwa joto, bila kulazwa, na kizazi kinabaki.

Ukingoja mpaka damu itoke baada ya kulala na bwana, au katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, au maji yenye harufu mbaya, usipoteze wiki nyingine kwa dawa za miti. Kansa ikiwa bado ndogo, wanapasua na kutoa kizazi. Ikiwa imeenea, inatakiwa mionzi na dawa za kansa, na mashine za mionzi, kwa sisi wa Bukavu, za karibu ziko ng'ambo ya mpaka, Kigali, ama mbali zaidi Kampala. Hesabuni wenyewe tiketi, chumba, na nani atabaki na watoto.

Kwa mabinti kuna chanjo, miaka 9 hadi 14, kabla hawajajua mwanaume. Rwanda inawachanja wanafunzi tangu 2011. Sisi walimu tunaulizwa kama inafunga uzazi. Haifungi. Ulizeni kwenye kituo cha afya cha kartie yenu kama ipo.

Mama yetu anaanza matibabu mwezi ujao, na pesa ya likelemba ya zamu hii tumempa yeye. Wengine tumekubaliana kwenda kupimwa wawili wawili. Asiende aliye katika siku zake. Na kila mmoja achukue kitenge cha kujifunika.