Splankhnizomai: Kutoka Matumbo hadi Huruma

Kitenzi cha Kiyunani splankhnizomai, ambacho wafasiri wa Kiswahili hukitoa kwa -hurumia au -ingiwa na huruma, kimetumika mara 12 katika Agano Jipya: mara 5 katika Mathayo, 4 katika Marko na 3 katika Luka. Hakimo katika vitabu vinginevyo vya Agano hilo.

Chimbuko lake ni nomino splankhna, yaani viungo vya ndani: moyo, mapafu, maini na figo. Katika ibada za Wayunani wa kale, viungo hivi vya mnyama wa kafara vilichomwa na kuliwa kwanza. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo (6:8) kinatumia umbo la kutenda, splankhnizein, kwa maana hiyo ya kushiriki matumbo ya kafara. Maana ya huruma ilistawi katika maandishi ya Wayahudi walioandika Kiyunani.

Wengi huihusisha maana hiyo na Kiebrania rahamim, 'huruma', neno la mzizi mmoja na rehem, 'tumbo la uzazi'. Mzizi huohuo wa Kisemiti, kwa njia ya Kiarabu, ndio ulioipa Kiswahili neno rehema. Lakini Septuaginta kwa kawaida hufasiri rahamim kwa oiktirmoi, wala si kwa splankhna. Hoja ya uhusiano huo, basi, yahitaji hadhari.

James Barr alikwisha kuonya mwaka 1961 kwamba asili ya neno siyo maana yake. Maana hupatikana katika matumizi, nayo matumizi yako wazi. Msamaria anafunga majeraha (Luka 10:33-34). Baba anamkimbilia mwanawe (15:20). Bwana anasamehe deni (Mathayo 18:27). Hisia yazaa tendo.

Je, Kiswahili kifasiri vipi? Msemo kumkata mtu maini unaonyesha kwamba Kiswahili nacho huweka hisia katika viungo vya ndani. Lakini hisia hiyo ni ya kuvunjika moyo, si ya huruma. Kufasiri kiungo kwa kiungo kungepotosha. Kauli -hurumia humwelekea anayehurumiwa, ilhali -ingiwa na huruma humwonyesha mwenye huruma akipatwa na jambo asiloliamuru. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na umbo la Kiyunani lenye kiishio -omai, nayo yastahili kufikiriwa kwanza pale mtendaji anaposhtukizwa na aonalo.