Kadi imelala, bibi harusi anasubiri!

KAMA huna rafiki mwenye studio ya video hapa Tunduma, basi hujui usiku unavyoweza kuwa mrefu. Mavuno yakishauzwa na mapene yakionekana, send-off na harusi zinafuatana kama malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Kila familia inataka mkanda wake. Jina hilo halijafa, ingawa siku hizi unapewa kwenye flashi.

Fundi anakata picha, anaweka muziki, anarekebisha rangi, halafu anabonyeza kitufe cha mwisho ili kompyuta itoe video kamili. Vijana wanaita kurenda. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Kompyuta inanguruma mpaka jogoo anawika, na umeme ukikatika saa tisa usiku, kazi inaanza upya.

Mshikaji wangu mmoja wa mtaa wa Sogea alifikishwa pabaya na mambo hayo. Mama mzaa bibi harusi alimpigia simu nikiwa nimekaa naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mwezi umeisha. Wakwe zangu wanauliza mkanda, niwaambie nini?"

"Kesho asubuhi mama, Mungu akipenda."

"Hiyo kesho yako nimeshaizoea. Kama huwezi, nirudishie hela yangu."

Hela yenyewe ilishaliwa zamani. Jamaa akawa anaulizia mkopo anunue kompyuta mpya. Kumbe asikwambie mtu, ndani ya ile ile ya mezani aliyonunua mtumba mlikuwa na kadi ya grafiksi, GTX 1650, imelala fofofo!

Tuelewane kwanza. Video ya saa 3, yenye picha 25 kwa sekunde, ina picha 270,000. Kila picha ya HD kamili ina nukta zaidi ya milioni 2. Ukiongeza rangi kidogo tu, kompyuta inabidi ipige hesabu ya nukta zote hizo.

Sasa fikiria shamba la kahawa kule Mbozi. Prosesa ya kompyuta ni kama mabwana shamba wanne au sita, wasomi, wanaweza kazi yoyote ile. Lakini ukiwaambia wachume shamba zima wenyewe, watakesha. Kadi ya grafiksi ni kundi la vibarua. GTX 1650, iliyotoka mwaka 2019, ina vibarua 896. Hakuna hata mmoja anayemfikia bwana shamba kwa akili, ila wote wanachuma kwa mpigo. Kazi ya nukta ni ya kuchuma, haitaki usomi.

Ujuzi huu si wa jana. Kampuni ya NVIDIA ilitoa CUDA, njia ya kuwapa vibarua hao hesabu za kila aina, mwaka 2007. Premiere, programu inayotumiwa na mafundi wengi wa harusi, ilianza kuitumia mwaka 2010.

Tatizo ni kwamba vibarua hawaji bila kuitwa. Kwa mshikaji wangu, Windows ilipowekwa upya, hakuna aliyeweka draiva ya kadi. Ukitaka kujua kama nawe umo, fungua "Device Manager" uangalie sehemu ya "Display adapters". Ukikuta imeandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", ujue kadi yako haijatambulika. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi, siyo ya kuokoteza, kisha zima na uwashe.

Baada ya hapo ingia Premiere, fungua "File", halafu "Project Settings", halafu "General". Penye "Renderer" pakisema "Software Only", mabwana shamba wanachuma peke yao. Chagua ile yenye maneno "GPU Acceleration (CUDA)". Wakati wa kutoa video ya H.264, kwenye "Performance" weka "Hardware Encoding". Wanaotumia Blender nao waende "Preferences", "System", wachague kadi yao, kisha kwenye mipangilio ya Cycles waweke "GPU Compute".

Unataka ushahidi? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", uangalie GPU wakati inarenda. Mistari ikipanda, vibarua wako kazini.

Lakini tusidanganyane. Video ya kukata na kuunga tu, bila rangi wala mbwembwe, haitapata nafuu kubwa kutokana na ile "Renderer". Kutoa kwa "Hardware Encoding" nako, ukibana sana ukubwa wa faili, picha inaweza kupungua ubora kidogo, kwa hiyo jaribu dakika moja kwanza. Na kama huna kadi, usikurupuke kununua dubwana. Tundu la kadi kwenye mazabodi linatoa wati 75 tu. Kadi inayotaka zaidi inahitaji waya wake kutoka paua saplai, na kompyuta nyingi za mtumba za maofisini hazina waya huo. Pima na kasha pia, maana yale membamba hayapokei kadi ndefu. Vumbi letu hili nalo lipulizwe, kadi ikichemka inapunguza mwendo.

Mshikaji wangu? Alianza kurenda jioni, na wauza chipsi hawajafunga mabanda yao video ikawa tayari. Asubuhi mama akakabidhiwa flashi, naye mkopo akaachana nao.

Nawaambia masela wenzangu wa studio, kuanzia Mpemba mpaka Vwawa: kabla hujakimbilia riba ya mtu, fungua kompyuta yako uone nani kalala humo ndani. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi miti tunayo, tena 896!