Shahada ya kulea watoto? Mzazi, usicheke kwanza

BINTI amemaliza chuo kikuu, majirani wamekula pilau, na mzazi anangojea aanze kuwalipia wadogo wake karo. Jioni moja anatangaza kuwa angependa kurudi darasani kusomea shahada ya pili. Ya nini? Ya makuzi ya binadamu na masomo ya familia.

"Yaani, mama, nilipe karo ufunzwe kulea watoto?" baba anamaka. "Nyanya yako alilea tisa bila kushika kalamu!"

Baba ana haki ya kuuliza. Hata hivyo, asichojua ni kwamba wasomi wa fani hii waliwahi kufunga safari kuja kujifunza kwa akina nyanya kama huyo.

Mapema miaka ya 1970, Wamarekani Charles Super na Sara Harkness waliishi miongoni mwa Wakipsigis, katika kijiji walichokiita Kokwet. Wakati huo wataalamu wengi wa ng'ambo waliamini kuwa watoto wa Kiafrika huwahi kuketi na kutembea kwa sababu ya maumbile tu.

Katika makala yake ya 1976, Super alionyesha kuwa akina mama wa Kokwet waliwafunza watoto hao makusudi. Mtoto alichimbiwa kishimo, kikatandikwa blanketi, akaketishwa humo mpaka mgongo ukapata nguvu. Kutembea nako alizoezwa. Kutambaa hakukutiliwa mkazo, na huko watoto hao hawakuwatangulia wenzao wa Marekani.

Mnamo 1986 wawili hao walieleza kuwa mtoto hujengwa na mambo matatu: mazingira anamoishi, desturi za malezi, na imani za wanaomlea. Nadharia hiyo ingali inafundishwa. Harkness mwenyewe alikuja kuwa profesa wa fani hii katika Chuo Kikuu cha Connecticut.

Karo je?

Shahada ya uzamili aghalabu huchukua miaka miwili: masomo ya darasani, kisha utafiti na tasnifu. Anayefanyia utafiti wake Kenya hana budi kupata leseni ya tume ya sayansi, NACOSTI. Uzamifu huchukua muda mrefu zaidi.

Huko Marekani, wanafunzi wengi wa uzamifu hupewa kazi ya kusaidia kufundisha au kutafiti, wakasamehewa karo na kulipwa posho. Wa uzamili mara nyingi hujilipia. Tofauti hiyo ndiyo inayoweza kuuza shamba la mtu.

Kwa hivyo, kabla ya kukataa au kukubali, mzazi na amuulize mwanawe: Nani atalipa? Nani atakusimamia? Ukihitimu utafundisha, utatafiti, au utahudumia familia?

Akiwa na majibu, mpe baraka. Asipokuwa nayo, mpe muda ayatafute. Na kabla hajaandika barua ya maombi, mtume kwanza kwa nyanya yake, aende na daftari.